Blogu Iliyopelekwa Ukingoni mwa Kreta

Kwa muda mrefu niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha shule ya usiku, kwamba mashine ya kutafutia habari mtandaoni inanusa mahali. Yaani ukipandisha makala yako ukiwa Karatu mjini, inakuhesabu kama mtu wa pembeni. Lakini ukiipandisha ukiwa umevuka geti la Ngorongoro, umesimama juu kabisa ukingoni mwa kreta, basi inakuweka wa kwanza dunia nzima, na Wazungu wanaanza kukupigia simu kabla hujashuka.

Habari hii niliipata kwenye kijiwe cha madereva wa watalii, pale tulipokuwa tunaosha magari. Mmoja alisema kuna kampuni inamtuma kijana wake kule juu kila mwezi na laptop. Mwenzake akaongeza kwamba kuna Mzungu aliyepandishia yake akiwa mgongoni mwa tembo. Hilo la tembo nililikataa palepale. Mimi ni msomi.

Wakati huo nilikuwa pia namsaidia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, mjane aliyekuja na mumewe kutoka Kilimanjaro enzi ambazo, kwa kumsikiliza yeye, Karatu nzima ilikuwa duka moja na fisi wengi. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa marehemu, na shemeji yake, mfanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola, alishatoa kauli: vitunguu vikianza kuvunwa vyumba vikiwa bado vitupu, vinageuzwa ghala.

"Shemeji, mimi sina ubaya," alimwambia akiwa amekalia kiti kizuri kuliko vyote. "Ila kitunguu hakidai shuka safi wala hakiulizi maji ya moto."

"Na hakilipi," mama akasema.

"Kinalipa kikiuzwa. Mgeni wako yuko wapi?"

Mgeni hakuwepo, kwa hiyo tukageukia tovuti. Tuliyokuwa nayo ni ya zile za kujijengea mwenyewe bila kujua msimbo wowote wa kompyuta: unaburuta kisanduku cha picha unakidondosha, unaburuta kitufe unakidondosha, mpaka nyumba yako inafanana na ya kila mtu Karatu, simba yuleyule, machweo yaleyale. Niliijenga kwa siku moja, nikatembea mjini nikiitika kwa jina la injinia. Nilipoiongezea blogu, ilikuja na makala za mfano zilizojaa Kilatini. Mama alidhani ni sala, akanikataza kuzifuta. Katekista wa jirani alizisoma, akavua miwani, akasema kama hiyo ni sala basi aliyeiandika alikuwa amelewa. Ndipo tukazifuta.

Kisha akaja mtaalamu kutoka Arusha kutoa semina kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Viatu vyake vilikuwa vimechongoka kiasi kwamba angeweza kudonoa mahindi kama kuku. Alisema siri ya kupatikana mtandaoni ni neno kuu: chagua neno moja, lirudie mpaka mashine ichoke na kukubali. Wenye lodge, watu wazima wenye magari yao, waliandika kila alichosema kana kwamba wanajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza kuhusu kupandishia makala ndani ya geti. Akashika kidevu. Akatazama dari. Akasema, "Inasaidia."

Neno hilo moja lilitutosha. Siku hizi nikimkumbuka nacheka, lakini siku ile nilitoka ukumbini kifua mbele, kwa maana jambo la kijiweni lilikuwa limepigwa muhuri na mtu mwenye projekta.

Nikaandika makala kwa Kiingereza changu, ambacho hapa nakitafsiri kwa huruma: "Karibu Ngorongoro kwenye nyumba bora ya Ngorongoro yenye vitanda vya Ngorongoro na chai ya Ngorongoro."

Mama akasikiliza hadi mwisho. "Vitanda vimetoka Moshi, mwanangu."

"Mama, mashine haiijui Moshi."

"Na mgeni akifika akakuta hapa ni Karatu?"

"Atakuwa ameshafika."

Tukapanda lori la vyakula lililokuwa likielekea Wasso, ng'ambo ya hifadhi, kwa njia ya getini, dereva akatushusha pale watalii wanaposimama kutazama kreta. Kreta yenyewe hatukuiona. Ukungu ulikuwa mzito hata nikinyoosha mkono, vidole vinaniaga. Mtandao haukuwepo, nikazunguka na laptop kichwani kama ndoo ya maji, huku mama ananifuata na simu iliyofungwa kwenye kanga ili isipate baridi. Nyati akatoka kichakani, akatutazama kwa dharau ambayo hata afisa mikopo hana, akarudi zake. Hatimaye mtandao ukaja kidogo. Nikabonyeza. Makala ikapanda.

Hapohapo nikaandika kwenye simu yangu jina kamili la nyumba yetu ya wageni, na kweli, ikatokea ya kwanza. Mama akanikumbatia. Hatukujiuliza ni nani mwingine duniani angetafuta jina lile kamili, na nani mwingine angekuwa nalo.

Tulipata lifti ya kushuka, na kesho yake tukaenda steshenari kuhakikisha. Tuliandika "mahali pa kulala Ngorongoro," kwa Kiingereza, kama mgeni mwenyewe angeandika. Tukapekua kurasa moja baada ya nyingine, hoteli juu ya hoteli, mpaka dada wa steshenari akauliza kama tunamtafuta ndugu aliyepotea. Hatukuwepo. Mimi, msomi, nikafikiri sana, nikahitimisha kwamba tulisimama upande mbaya wa kreta.

"Turudi upande wa pili," nikamwambia mama.

"Nenda na nyati wako," akasema.

Alikuwa amechoka, na zaidi ya hapo alikuwa akisumbuliwa na simu. Namba yake ilibandikwa dirishani pa wakala wa mabasi kutangaza vyumba, kwa hiyo kila aliyekuwa na safari ya Wasso alimpigia yeye: basi linapita Karatu saa ngapi, linajaa au halijai, nilale wapi ili nisiachwe. Walimu wapya, manesi wapya, watu wenye ndugu hospitali. Wengi wakishajibiwa walikata simu, wakalala kwa jamaa.

"Waandikie huko kwenye blogu yako," akaniambia akikoroga uji. "Waandikie kila kitu, waniache nipike."

Nikaona aibu. Kwenye semina mtaalamu alishatuambia Kiswahili hakina watalii. Niliandika hivihivi, jikoni, nimekaa juu ya ndoo, bila kutia Ngorongoro hata moja zaidi ya lile geti lenyewe. Kichwa nikaweka swali walilokuwa wakiuliza: "Nalala wapi Karatu nikisubiri basi la Wasso?" Chini yake majibu ya mama, kama alivyoyatamka: linapita asubuhi, likitoka Arusha mara nyingi limeshajaa, kwa hiyo mwombe wakala akushikie kiti jana yake; njoo na kitambulisho, getini hawana utani; beba koti; sisi tuko jirani na stendi, tunakuamsha na chai. Nikabonyeza, nikaisahau. Kwa mtu wa kiwango changu, ile haikuwa makala.

Vitunguu vikavunwa. Shemeji akaja na vijana wa lori, wakajaza magunia chumba cha kwanza, mlango ukabaki wazi, na korido yote ikanuka. Mama alikunja mashuka ya chumba cha pili akayaweka kwenye beseni. Shemeji alikuwa anapima dirisha kwa mikono, akisema litatosha kupitisha hewa, wakati bajaji zilipoingia uani. Wakashuka manesi na walimu waliokuwa wamepangiwa vituo vya Wasso na Malambo, na magodoro yao, na ndoo zao, na mmoja ana jiko la gesi kifuani kama mtoto.

"Hapa ndipo mnapoamsha watu na chai?" akauliza nesi aliyetangulia.

Mama akamtazama shemeji. "Shem, kuna wageni wanasimama."

Vyumba havikutosha. Shemeji akavua koti, akatoa magunia yake mwenyewe, kwa kuwa vijana wa lori walishaondoka, akayapanga chini ya bati la jikoni, akisema kwa sauti kwamba hata yeye siku zote alikuwa anaunga mkono biashara ya wageni.

Jioni wakati wa chai nikamsogelea yule nesi. Nilimwuliza alitupataje. Akasema aliandika swali lake kwenye simu, yakaja mambo ya safari za dola, na katikati yake tukaja sisi. Nikamweleza kwa kirefu, kitaalamu, mambo ya geti, ukingo wa kreta na jinsi mashine inavyonusa, na kwamba kilichonishangaza ni kuwa ile niliipandishia jikoni, haikufika hata mlangoni.

Alisubiri nimalize, akachovya andazi kwenye chai.

"Kaka," akasema, "haijali ulikuwa umesimama wapi. Mimi niliuliza swali, na ninyi ndio mliokuwa mmelijibu."