Kitabu cha Kusimamisha Cherehani

Kila mwaka shule ikifunguliwa, walimu wenzake walimuuliza Mwalimu Koti swali lile lile: anawezaje kuijua riwaya itakayolishika darasa la sita zima, wapole na watundu, wanaosoma kama maji na wanaosoma kwa kukwama kama gari bovu? Naye alivuta kola ya lile koti la kijivu lililompa jina, akajibu, "Uzoefu." Uongo mtupu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa cherehani.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Jioni wakishakula, yeye alikaa kwenye cherehani yake ya miguu karibu na dirisha, na mumewe akakaa kitini mkabala naye, akamsomea kwa sauti riwaya moja baada ya nyingine. Mama huyu hakuwa mtu wa kusifu wala kuponda. Ukimuuliza kitabu kikoje, alisema, "Kizuri," kama mtu anayeitikia salamu. Basi Mwalimu akaacha kuuliza mdomo, akawa anauliza miguu. Cherehani ikinguruma tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, kitabu hicho kimefeli, kilirudi rafuni. Lakini miguu ikisimama katikati ya sura, Mwalimu alikunja pembe ya ukurasa, akafunga kitabu pale pale na kusema, "Basi. Hiki ndicho." Darasa la sita lilikuwa limepata riwaya yake.

Hakuwahi kukosea, au ndivyo alivyojiaminisha. Mwaka jana cherehani ilisimama kwenye ukurasa wa tatu. Wa tatu tu! Mwalimu nusura acheze. "Hiki ni moto wa kuotea mbali!" alisema, akakifunga. Mkewe alitabasamu, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Muhula haukuisha kabla hajazikwa.

Baada ya matanga, Mwalimu alikusanya vitu vya marehemu kidogo kidogo, kwa mikono isiyotaka kazi hiyo. Ndani ya mtoto wa cherehani, ile droo yake ndogo, alikuta vipande vya vitambaa visivyo na umbo lolote, mabaki tu, vimeshonwa mishono juu ya mishono hadi vimekakamaa. Alidhani mkewe alikuwa anajaribu nyuzi. Akavirudisha, akaifunika cherehani kwa kitambaa cha maua, na nyumba ikanyamaza. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi aliweza kukaa bila kutamka neno, isipokuwa kuligombeza birika linapochelewa kuchemka.

Ndiyo maana mwalimu mkuu alipomwita ofisini, mwanamke mnyoofu asiyejua kuzunguka mbuyu, maneno yake yalimchoma kuliko alivyokusudia.

"Mwalimu, kipindi chako cha riwaya kinaniumiza kichwa. Mwenzako wa hesabu anakitaka, na matokeo ya hesabu unayajua."

"Nayajua, mama. Watoto wanagawanya sifuri na bado wanabakiwa na kitu."

Mkuu alicheka, lakini hakulegea. "Ijumaa uniletee jina la kitabu. Jumatatu nitakaa nyuma ya darasa nisikilize. Wakisinzia, kipindi kinaenda."

Mwalimu alitoka ofisini. Kipindi kile ndicho saa pekee iliyobaki ambayo kuna mtu anaisikiliza sauti yake. Kikienda, ataongea na birika hadi astaafu.

Akabeba riwaya tatu kwenda nyumbani. Ya kwanza ilikuwa ya watoto wanaomnasa mwizi wa baiskeli. Alisoma sura mbili kwa sauti, akainua macho. Kimya. Ya pili ilikuwa ya yatima mwenye adabu kupita kiasi, mtoto ambaye ungetamani akosee japo mara moja. Kimya vilevile. Hapo ndipo ilipomwingia akilini: sasa cherehani imesimama kwa kila kitabu, kizuri na kibovu, na haitasimama tena zaidi ya hapo. Aliweka kitabu chini, akalia kama mtoto, na hakukuwa na wa kumwambia nyamaza.

Alhamisi alasiri akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Naye alikuwa fundi, ila mdomo wake haukujua mapumziko. Alianza kusalimia akiwa bado barabarani.

"Shemeji, umekonda! Unakula kweli wewe? Haya, nisikufiche, nimekuja na shida. Cherehani yangu imekufa kabisa, na hii ya dada inakula vumbi tu hapa. Lakini kama roho inauma, sema, nitaelewa."

Roho iliuma. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho, naye akaona upenyo. "Ichukue," alisema. "Ila kwanza nishonee koti hili. Kwapa limefumuka. Mimi nitakuwa nasoma, wewe shona tu."

"Hilo koti nalo! Si lingestaafu kabla yako?" Hata hivyo akalipokea, akaondoa kitambaa cha maua, akaanza kukanyaga.

Ngurumo ile ilipojaa chumbani, Mwalimu alishindwa kuanza kusoma. Ilibidi akohoe, ajifanye anatafuta miwani iliyokuwa puani. Kisha akaanza riwaya ya tatu, ya msichana aliyekimbilia kwa shangazi. Alisoma ukurasa, wa pili, wa tano, sikio lote likiwa miguuni pa shemeji. Cherehani ikasimama.

Mwalimu alikunja pembe ya ukurasa, akakifunga kitabu kwa kishindo. "Hiki ndicho!"

"Ndicho nini?"

"Umesimama. Kimekushika."

"Kimenishika wapi? Uzi umekatika!" Shemeji akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Ala! Kumbe ni kweli! Dada alitusimulia, sisi tukadhani anatia chumvi. Alisema, 'Mume wangu nikiinua mguu tu, anafunga kitabu. Kwa hiyo kikinoga nakanyaga, hata nguo zikiniishia. Natia mabaki chini ya sindano, nakanyaga tu, ili asome.'"

Mwalimu hakucheka. Alinyoosha mkono, akavuta mtoto wa cherehani. Vile vitambaa vilikuwa pale pale, vimekakamaa kwa mishono.

"Na akisimama?" aliuliza.

"Akisimama ujue amechoka. Au kitabu kimemchosha." Shemeji alikuwa anatunga uzi, hakumtazama. "Kile cha punda ndicho alichokipenda kuliko vyote. Yule punda aliyeuzwa, kila jioni akawa anarudi kwenye nyumba ya zamani. Alitusimulia mwanzo hadi mwisho, mama yetu akafuta machozi. Watoto shuleni walikionaje?"

"Sikukipeleka," Mwalimu alisema. "Cherehani haikusimama."

Shemeji akainua uso, akauacha uzi.

Mwalimu alikaa na vitambaa mapajani. Vitabu vyote alivyovifelisha, mkewe alikuwa amevisikia hadi neno la mwisho. Vile alivyovifaulisha, yeye alimkatia njiani na kuvipeleka kwa watoto wa watu. Kisha akakumbuka ukurasa wa tatu na kile kichwa kilichoegemea ukutani. Kitabu hakikuwa kimemgusa mtu. Mkewe alikuwa anaumwa, na yeye akashangilia.

Ijumaa alimpa mwalimu mkuu jina la kitabu cha punda.

"Punda?" mkuu alishangaa. "Watoto wa siku hizi? Kwa nini punda?"

Mwalimu alifikiria kusema uzoefu, lakini neno likakataa kutoka. "Kuna mtu alikipenda," alijibu.

Jumapili shemeji alikuja na mkokoteni, akaondoka na cherehani. Jumatatu, mkuu akiwa amekaa nyuma na mikono kifuani, Mwalimu alifungua kitabu akaanza. Binti wa dawati la mbele alikuwa anazungusha rula. Katikati ya darasa mtu fulani alikuwa anagonga soli kwenye mguu wa dawati, tako, tako, tako. Miaka yote Mwalimu angenyamaza akisubiri utulivu. Safari hii alisoma juu ya mgongo wa kelele hiyo, na wala hakuiona kuwa ni kelele.

Punda alipofika kwenye mlango wa zamani na kukuta kufuli jipya, soli ikanyamaza. Kidole cha Mwalimu kilikuwa kimeshakunja pembe ya ukurasa, kitabu kimeanza kujifunga.

"Mwalimu, endelea!" likapiga kelele darasa zima. "Analala wapi sasa?"

Akainyoosha pembe, akaendelea. Kengele ililia, wasiinuke. Mkuu naye hakuinuka, na alipotoka mwishowe alimwambia mlangoni kwa sauti ya chini, "Kipindi ni chako. Lakini kweli, analala wapi?"

Njia nzima kurudi nyumbani Mwalimu alitembea haraka kama mtu anayesubiriwa. Alifungua mlango, na neno "wamekipenda" lilikuwa limeshafika mdomoni alipoona dirisha, na chini yake alama nne sakafuni mahali miguu ya cherehani iliposimama miaka yote.

Alisimama kidogo bila kulivua koti, kwapa likiwa limeshonwa vizuri. Kisha akaenda rafuni, akachomoa riwaya ya mwaka jana. Pembe ilikuwa bado imekunjwa, ukurasa wa tatu. Akavuta kiti chake mahali pake pa siku zote, mkabala na dirisha, akavaa miwani.

"Niliishia hapa," alisema, akaanza kusoma.