Kibao cha Anyesi na Vijiwe vya Mama Yake

Mimi, Matonya, nilibeba mizigo ya watu kutoka Mpwapwa hadi pwani na kurudi kwa miaka tisa, na kijijini nikajitangaza kuwa nilikuwa mnyapara wa msafara. Unyapara wenyewe, nikisema kweli, ulikuwa wa punda wawili. Reli ya Wajerumani ilipopita Gulwe, kazi ya mabegani ikafa, nikabaki nyumbani na ng'ombe wanne, ugoro wangu, na mdomo uliozoea kuamrisha.

Ndipo Bartolomayo, mwalimu wa shule ya misheni, akaja na neno. Kijana mpole yule. Alinisalimu kwa adabu zote, "Mbukwenyi, baba," kisha akanipasulia kwa upole uleule.

"Anyesi ana akili. Lakini kibao ninachompa ili ajaze maneno nyumbani kinarudi kitupu kila asubuhi. Vibao vyetu ni kumi na viwili, na watoto wanaovitaka ni thelathini. Kama Ijumaa hakitarudi kimejaa, itabidi nimpe mwingine."

Anyesi, binti yangu wa pekee, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Hakulia. Alikikumbatia tu kile kibao kama kitoto kichanga. Niliona uchungu, na mimi nikiona uchungu hupiga kelele.

"Niachie mimi!" nikamwambia mwalimu. "Nimeongoza misafara. Mtoto mmoja atanishinda?"

Jumatatu nikatangaza utaratibu. Akitoka shule na kula, Anyesi akae kwenye kigoda uani, kibao magotini, asiinuke mpaka ng'ombe warudi. Nilipiga hata ngoma ya kuanza, kama tulivyopiga safarini. Tena nikamkabidhi mke wangu Loisi kibuyu kitupu.

"Kila mara mtoto atakapoinuka, tia kijiwe. Jioni tutajua anavyopenda kuzurura."

"Kila atakapoinuka, Baba Anyesi? Hata akiwa na sababu?"

"Sababu ni za wavivu."

Basi nikakaa karibu naye ili nimsimamie. Nataka mjue nilivyosimamia. "Anyesi, hebu niletee ugoro." Kijiwe kikalia kibuyuni. "Anyesi mwanangu, maji." Kikalia kingine. Mbuzi yule anatafuna nini, kaangalie. Kamwulize jirani Msafiri kama shoka langu liko kwake. Sogea kidogo, hicho kivuli nakitaka mimi. Mara moja nilimwita mpaka miguuni pangu ili nimkumbushe kwamba hatakiwi kuinuka.

Ng'ombe waliporudi, Loisi akamwaga vijiwe chini. Kumi na tisa. Kibao kilikuwa na maneno mawili na nusu. Nikasafisha koo nianze hotuba, lakini Loisi akaninyang'anya zamu. Akaokota kijiwe cha kwanza.

"Hiki cha nini, mwanangu?"

"Ugoro wa baba."

"Na hiki?"

"Maji ya baba."

Akaendelea hivyo, mtoto akijibu bila kinyongo, mpaka vikafika kumi na saba. Viwili vilivyobaki, kimoja alikwenda haja, kingine siafu walimpanda mguuni.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," nikasema, maana mtu aliyebanwa hushika methali yoyote iliyo karibu.

"Kweli kabisa," akasema Loisi. "Na huyu umemlea awe miguu yako."

Nilinuna usiku ule wote. Jumanne nilimtuma mara sita. Jumatano mara tatu, na zote tatu niliapa kwamba ni za dharura. Mazoea yana taabu, ndugu zangu, niliweza kuacha kubeba mizigo, lakini kuacha kuita "Anyesi!" kulinitoa jasho. Kibao kikarudi shuleni nusu, kikarudi tena nusu.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Anyesi alikuwa ameinama, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, chaki ikikwaruza. Mimi nikavuta ugoro vibaya, nikapaliwa. Koo likawaka moto. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Any..."

Alikuwa tayari ameweka kibao chini na kuinuka. Hakukasirika. Hakuonyesha hata kushangaa. Hilo ndilo lililonichoma, nami nikajionea aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Kaa uandike," nikasema kwa sauti ya chura.

Nikaingia ndani mwenyewe. Tembe ile niliijenga kwa mikono yangu, na humo ndani sikujua kata ya kuchotea maji inakaa wapi! Nilipapasa chini ya kitanda. Nilipapasa ghalani. Mtungi wenyewe niliupata kwa kuugonga na goti. Loisi alikuwa uani akipepeta mtama, mabega yake yakitikisika kuliko ungo. Mwishowe nikachota maji kwa mwiko, na anayeujua mwiko anajua nilipata matone mangapi.

Ijumaa nilimsindikiza Anyesi shuleni. Kibao kilikuwa kimejaa pande zote mbili. Upande wa nyuma mwalimu aliwataka waandike jambo waliloliona nyumbani kwao. Bartolomayo akasoma kimya, akakohoa, akasoma tena.

"Kuna kosa, mwalimu?" nikauliza, maana mimi herufi sizijui.

"Hakuna kosa, baba."

"Basi soma tusikie wote."

Akanitazama kwa huruma, akasoma mbele ya watoto wote thelathini:

"Baba amechota maji mwenyewe. Kata iko nyuma ya mlango."

Watoto wakaangua kicheko, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kibao kikabaki cha Anyesi. Wakati wa kurudi nyumbani, njia nzima nilikibeba mimi.