Kamera ya Watu Waliosimama

Mama yangu aliwadharau kidogo watu wanaotambuana kwa sura. Alizaliwa kando ya ziwa Kisale, Katanga, na huko wanaume hurudi jioni wamesimama ndani ya mitumbwi, wakisukuma kwa upondo katikati ya mafunjo, jua likiwa nyuma yao. Ukiwa ufukweni huoni pua wala macho. Unaona kitu cheusi kimesimama juu ya maji, basi. Wanawake wa kwao walijua huyu ni mume wa nani kwa jinsi alivyokunja goti, kwa bega lililoshuka, kwa mguu uliotangulia. "Ukingoyea sura," alikuwa akituambia, "muntu atafika na njala yake na moto haiyawaka."

Aliolewa Kamina, ambako hakuna ziwa, kuna reli na nyasi. Baba alikuwa karani wa reli, Mmethodisti wa shati jeupe na miwani, mtu wa kuamini kilichoandikwa. Nyumba yetu ilikuwa kwenye barabara iliyonyooka kutoka gare, stesheni ya treni, na mama alipika nje, kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Baba akiwa bado doa tu mwisho wa barabara, mama alikwisha kubandika maji ya bukari, ugali wetu. Alipofika mlangoni akipangusa viatu, ugali ulikuwa unasongwa. Sikumbuki hata mara moja alipokosea.

Tulijaribu kumdanganya. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ya kwetu nilimwita yaya, alivaa koti la baba na kofia ya baba, akaenda hadi gare, kisha akarudi kwa mwendo wa kikarani. Mama hakugusa sufuria. Alicheka yaya akiwa bado mbali.

"Ule haiko baba yenu," akasema. "Ule ni bandugu yangu bote mu koti moja."

Na kweli, yaya alisimama kama wajomba wa Kisale. Mguu wa kulia mbele, umegeuka nje kidogo, bega la kushoto chini, mkono mmoja umeinuka kana kwamba umeshika upondo. Alipaswa kuwa bingwa wa mitumbwi. Wapi! Aliogopa maji kama paka. Alikuwa anasomea ualimu, alipanga kalamu zake kwa urefu, na hakuwahi kuvunjika hata kidole kwa sababu hakupanda mti wowote. Hakuwa na kovu popote. Nalitaja hilo mapema kwa sababu baadaye lilituponza.

Vita vilipoanza upya mwishoni mwa miaka ya tisini, redio iliwaita vijana. Yaya hakuburutwa na mtu. Alikwenda mwenyewe, pamoja na wenzake wa darasa, kutoka uwanja wa mpira, na mpaka leo hilo linaniudhi kuliko mengine yote. Mtu anayeogopa maji, anakwenda vitani! Walipelekwa kufundishwa kwenye kambi kubwa ya jeshi nje ya mji. Mama alikwenda kumtazama, na mimi nilifuatana naye. Nyuma ya ua tuliona vijana wengi mno, vichwa vimenyolewa, sare moja, wote wametupa mgongo. Mama alinyoosha kidole papo hapo. "Ule pale." Mimi niliona vichwa tu. Kisha yule aliyenyooshewa kidole akageuka, akawa yaya, akatutazama bila kuthubutu kupunga mkono.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tulipomwona. Ndege iliwachukua ikawapeleka mbele, ndivyo watu walivyosema, na hatukujua mbele ni wapi hasa.

Habari ilikuja kupitia mwanamke mmoja, mke wa askari, aliyekuwa akitoka kambini kuuza sabuni sokoni kwetu. Alisema ndege imeleta maiti, na mmoja anadhaniwa kuwa wa kwetu. Muuguzi wa kambi anataka tufike leo. Baba alivaa shati lake la kanisani. Tulipanda lori la jeshi sisi watatu, mama katikati. Nilitazama nyasi zikipita. Nakumbuka nilifikiria kama nimeanika kitambaa cha kichwa au nimekisahau ndani ya beseni.

Muuguzi alikuwa mtu mfupi wa Katanga kama sisi, mpole, amechoka. Alitueleza mlangoni kwanza, ili tusishtuke. Gari lilikuwa limewaka moto, na ndani mlikuwa na vijana kadhaa wa kimo kimoja. Askari aliyepona alisema yaya alikuwa mmoja wao. Huyu aliyeletwa huenda ni yeye, huenda ni mwenzake. Sura haikuwa ya kusaidia tena, wala nguo.

"Mutazame pole pole," akasema. "Lakini leo njo leo, juu ya joto. Mukisema njo yeye, munamupeleka kwenu, munamuzika. Mukisema haiko yeye, tutamuzika hapa na benzake."

Tukaingia kuamua kama ndiye au siye. Ilikuwa adhuhuri na dirisha lilikuwa wazi. Alilala juu ya machela chini sakafuni, amefunikwa hadi kifuani, nyayo zake zikituelekea. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akatazama, akaivua tena. "Meno," akasema. Muuguzi akachuchumaa akamwonyesha. Yalikuwa meno tu, na kovu la kutafuta halikuwapo.

Mama hakukaribia. Alibaki karibu na mlango, akasogea kidogo kushoto, kidogo kulia, akirudi nyuma jinsi mtu anavyorudi nyuma ili aone vizuri kitu kilicho mbali. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuagiza chumvi:

"Mumusimamishe."

Muuguzi alidhani hakusikia. "Mama?"

"Mumusimamishe. Minyi namujua akisimama. Vile amelala, ni mufu tu. Bafu bote banafanana."

"Mama," yule mtu akasema, na nilimwona akitafuta maneno, "mufu hasimamake."

"Basi minyi siwezi kusema njo yeye."

Askari wawili waliokuwa ukutani waliinamisha vichwa. Mimi niliona aibu. Sikuona huzuni, niliona aibu tu, kama mama amevuliwa nguo mbele za watu. Muuguzi akamgeukia baba, maana baba ndiye mwanamume na ndiye mwenye miwani. Baba akasema, "Mama yake njo anajuaka." Tangu aoe, maji ya ugali wake yalikuwa yakibandikwa na mtu anayejua. Angeanzaje kubisha siku hiyo?

"Na weye, dada?"

Nilitazama zile nyayo. Nikasema sijui. Na sikujua. Hata leo sijui.

Wakamzika kambini pamoja na wengine. Sisi tukarudishwa kwa lori lile lile. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kwenye beseni.

Kwetu mtu akifiwa, moto huwashwa nje ya nyumba, magogo makubwa, na wanaume huuzunguka wakati wanawake wanalia ndani kwenye mikeka. Moto ule ndio tangazo. Mpita njia akiuona anajua, anaingia, anasema pole. Lakini huwezi kumwashia moto mtu ambaye labda yuko hai, huko ni kukiita kifo kwa jina. Kwa hiyo sisi hatukuwasha. Majirani walikuja hadi langoni, wakaona hakuna moto, wakasimama kidogo, wakaondoka. Kanisani mchungaji alimuuliza baba tumwombee yaya kama nani, aliye safarini au aliyepumzika. Baba akasema amwombee tu.

Mama aliendelea kukaa na mbabula yake, uso barabarani. Wanajeshi walipita kwa makundi, wengine wakirudi, wengine wakienda, na yeye aliwapitisha mmoja mmoja akiwa na sufuria mkononi. "Haiko yeye. Haiko yeye." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayechambua maharage. Wakati mwingine alibandika maji kwa wasiwasi, yakachemka mpaka yakakauka. Uzee ulipomletea ukungu machoni alisema ni afadhali, sasa sura za watu hazimsumbui.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu liliuma mwanzoni, kisha likaacha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Umewahi kukalia mguu wako mpaka ukafa ganzi? Unaugusa, unajua ni wako, lakini ni kama unagusa mguu wa jirani. Ndivyo nilivyokuwa. Nilifaulu ualimu, ule ule alioanza yaya, sikufurahi. Niliolewa, watu wakacheza mpaka wakaloa jasho, nikawatazama. Baba alikufa, nikapika kwa ajili ya waombolezaji na chakula kilikuwa kitamu, walisema. Kitu pekee nilichokuwa nacho chenye joto ni hasira juu ya mama. Neno moja tu lilihitajika. Angesema njo yeye, hata kwa uongo, tungewasha moto, tungelia, tungenyamaza. Mama alikufa vita vikiwa vimekwisha, akiwa bado hajalisema, na sikulia pia.

Na tangu siku ile ya kambini niliacha kutazama watu wanavyosimama. Nikiongea na mtu natazama sura yake, na ninapomaliza naondoka.

Sasa mwanangu. Anasoma mambo ya kompyuta Lubumbashi, na likizo iliyopita alikuja Kamina na kamera ya kazi yake ya kumaliza masomo. Si kamera ya harusi. Ilikuwa ya michezo ya video inayochezwa kwenye televisheni, akainunua kuukuu. Alinieleza kwa uvumilivu, kama mimi ninavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza: kamera hii haijali rangi, inapima umbali. Inatupa mwanga ambao jicho halioni, mwanga unarudi, na yenyewe inajua pua yako iko karibu kuliko shavu lako, na ukuta uko mbali kuliko mgongo wako. Kwenye kompyuta unaonekana kivuli cha kijivu, kisha mashine inatia nukta kwenye viungo na kuziunga kwa mistari. Ameifundisha itambue watu, kwa sura na kwa namna wanavyosimama.

Alinisimamisha sebuleni, mbele, pembeni, nikatembea hadi dirishani na kurudi. Mashine ikanijua. Nikajifunika uso kwa kitenge, kwa ubishi tu, nikampa mgongo. Ikanijua tena. Mwanangu alifurahi mno. Mimi nilisema vizuri, nikaenda kukaa. Nilimfikiria mama nyuma ya ua wa kambi, nikaacha kumfikiria.

"Bado kuna tatizo moya," akasema. Alitaka kamera isaidie hospitali, iseme mzee akianguka. Akalala chali sakafuni mbele ya kamera, mikono ubavuni, ili anionyeshe. Nukta zikachanganyika, goti likaenda begani, kisha zote zikafutika. Kwenye kompyuta ikabaki sakafu.

"Uone, mama?" akasema kutoka kule chini. "Muntu akilala, inamupoteza. Umbali yake na umbali ya chini inakuwa karibu moya. Haiwezi kumujua. Mpaka asimame."

Nyayo zake zilikuwa zinanielekea.

"Simama," nikasema.

"Ngoja kwanza, nataka kuona kama..."

"Nimesema simama!"

Sauti ile sikuijua. Aliinuka haraka, akicheka kwa mshangao, akasimama akitazama kompyuta badala ya kunitazama mimi. Na mimi nikatazama hapo hapo. Sakafu ilivimba. Nukta ya kichwa ikarudi, kisha shingo, mabega, nyonga, magoti, na mistari ikakimbia kuziunga. Hakukuwa na sura. Kulikuwa na mtu wa kijivu, mguu wa kulia mbele, umegeuka nje kidogo, bega la kushoto chini, mkono mmoja umeinuka kana kwamba umeshika kitu kirefu. Miaka yote nimemlea mtoto huyu nikimtazama usoni, na usoni amefanana na baba yake.

Mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka, huuma. Niliumwa mwili mzima. Nilishika mgongo wa kiti.

"Njo yeye," nikasema.

"Njo minyi, mama," akajibu kwa furaha. "Imenijua mara moja."

Sikumsahihisha. Nilitoka nje, nikakusanya magogo yaliyokuwa nyuma ya jiko, nikayapanga katikati ya uwanja na kuwasha moto, mchana ule ule, mwanangu amesimama mlangoni akiniuliza nafanya nini. Jirani aliyekuwa akipita aliuona. Akasimama langoni, akavua kofia, akauliza tumepatwa na nini.

Nikamwambia kaka yangu amekufa.