Kufa Jumamosi kwa Kujitolea

Katika fomu ya uraia wa Marekani kuna swali: umewahi kuwa katika jeshi, mgambo au kikundi chochote chenye silaha? Mimi nilijibu ndiyo.

Kikosi chetu ni cha askari wa miguu wa kujitolea, wa vile vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya zamani za babu wa babu yangu. Msimamizi wa ghala ninalofanyia kazi, mtaa wa Okolona, ndiye kapteni. Jumamosi watu wazima huvaa makoti ya sufu na kupigana vita hivyo upya, kwa bunduki zisizo na risasi. Kwetu Burundi vita vilitufuata nyumbani, hadi tukaishia kambi ya wakimbizi. Hawa huendesha gari saa kadhaa hadi nje ya mji wa Columbus kuvitafuta. Kapteni aliniomba nijiunge kwa sababu watu hawakutimia. Tukapatana: nife mapema, tena kivulini. Kwa miaka miwili nilikufa mara nne. Nimehesabu tena: nne.

Kaka yangu wa Lackawanna, kule Buffalo, aliposikia jibu langu alipiga simu akifoka.

"We mtu! Mama yuko kambini anasubiri uwe raia umwite, wewe unajiandikisha kama mwasi?"

"Kambini si tulifundishwa, kaka? Sema ukweli wote, na usibadilishe jibu."

"Ukweli, sio maigizo!"

Siku ya mahojiano hapa Louisville, afisa wa uhamiaji, mwanamke, alivua miwani.

"Ulikuwa upande gani?"

"Ulioshinda. Nilihakikisha kabla ya kujiunga."

"Umewahi kuua mtu?"

"Hapana, mama. Mimi hufa."

Akasema huo ni mchezo tu. Nikate ndiyo, niandike hapana, nitie sahihi pembeni. Mkono ukagoma. Kambini niliona familia ikikwama miaka kwa sababu ya jibu moja lililobadilika. Nikaomba ndiyo ibaki, niongeze "ya kuigiza". Akakataa. Nikamwambia basi akate yeye. Akakataa. Nikamfikiria mama yangu kambini, kwenye foleni ya mgao wa unga. Nikakata.

Alinipitisha.

Nilipompigia mama simu, hakuanza na pongezi. Aliuliza kama fomu yake nayo itakuwa na hilo swali la vita.

"Litakuwepo, mama."

"Waandikie mimi nilivikimbia vyote."