Siku Baba Aliporudisha Sweta la Jeshi

Mimi hasira zangu haziishi upesi, na hii ya sweta la baba bado imenikaa kooni.

Baba alikuwa mgambo tu, mkulima wa huku Ikungi, walipomchukua kwenda vita ya Uganda. Alirudi na goti lisilokunjika na sweta la kijani la jeshi, lenye viraka vya kitambaa mabegani na viwikoni. Cheti hakupewa. Sweta lile ndilo lilikuwa ushahidi wake wote. Alilivaa kila asubuhi ya baridi akienda zizini, na sisi watoto tulikatazwa hata kulikalia.

Sasa mwaka juzi hapa gari la matangazo likapita mnadani: raia yeyote mwenye vazi la jeshi alirudishe kituo cha polisi, atakayekutwa nalo atashtakiwa. Nikamwambia, "Baba, hayo hayakuhusu. Wanasemwa vijana wa kofia na suruali za mabakamabaka." Wapi! Alilifua mwenyewe, akalianika kivulini lisipauke, akanyoa ndevu. Jamani, mzee alikuwa na furaha! Aliamini huko watamuuliza alipigana wapi, alikuwa kikosi gani. Njia nzima alikuwa akijikumbusha majina ya wakubwa wake.

Kituoni tukamkuta askari kijana, umri wa mjukuu wake. Hakuwa na kiburi, tena alimwamkia shikamoo vizuri tu. Akalipokea sweta, akaligeuzageuza, akauliza, "Hili ulinunua wapi, mzee?"

Nikafungua mdomo niseme, baba akanibana mkono.

"Mnadani," akajibu.

"Siku nyingine usinunue ovyo, mzee wangu. Utajiingiza matatani."

"Sawa, afande."

Afande! Kwa mtoto yule! Sweta likatupwa kwenye kiroba, juu ya vizibao na kofia za wahuni.

Tulipotoka nje nikashindwa kujizuia. "Baba, wewe wa kusema umenunua mtumba?"

Hakunikasirikia. "Ningesema kweli angetaka mashahidi," akasema. "Mashahidi wangu niliwafukia kule kule."

Tangu siku hiyo vita ile hakuitaja tena. Alipokaribia kufa aliniita, akaniagiza la kuandika. Msibani nikasimama mbele za watu nikausoma wasifu wa marehemu kama alivyotaka: mkulima na mfugaji, basi.