Siku Nyanya Alipomwosha Baba

Nyumbani kwetu Ziwani tulikuwa na Jumamosi ya kunguni, na mimi niliipenda kuliko Krismasi. Vitanda vyote vilitolewa uani, magodoro yakaanikwa juani, Mama akachemsha maji ya kumwagia mbao, nasi tukanywa chai nje tumeketi kwenye makochi kama wageni wa harusi. Siku hizi naishi Lucky Summer, orofa ya nne. Kunguni sina, na chai nainywa peke yangu.

Jumamosi ya mwisho, miaka michache iliyopita, Baba alijitia ujuaji. Alikuwa karani, mtu wa tai na kalamu mfukoni, lakini siku hiyo alichoka na maji ya moto. Mtu alikuwa amemuuzia dawa ya wadudu wa shambani kwenye chupa ya soda, bila hata karatasi ya maelezo. Akafunga madirisha kunguni wasitoroke, akapulizia nyumba nzima, huku bomba la mgongoni likimvujia. Alitoka shati limelowa chapachapa, akaketi, mate yakaanza kumtoka. Kisha jasho, machozi, na misuli ya mikono ikichezacheza yenyewe.

Nyanya, mamake Mama, alikuwa ametutembelea kutoka Kakamega. Na kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawapeani hata mkono. Wiki nzima Baba akipita, Nyanya aligeuza uso. Basi Mama, kwa kuogopa aibu, hakumvua Baba lile shati. Alimfunika blanketi gubigubi, nami nikakimbilia maziwa ya kumnywesha. Hasira yangu haijaisha mpaka leo: mtu anakufa, sisi tunashughulika na heshima.

Jirani wa mlango wa pili, muuguzi mstaafu, alikuja akamfunua macho. Mboni zilikuwa zimebaki nukta. Akayamwaga maziwa yangu chini.

“Yatampalia. Na hii sumu inapitia kwenye ngozi. Mvueni kila kitu, aoshwe.”

Mama alikuwa ameshakimbilia barabarani kutafuta gari. Muuguzi alimlaza Baba ubavu na kumshikilia, mimi nikawa nateka maji bombani bila kutazama. Wa kuosha akabaki Nyanya. Muuguzi akamvika mifuko ya nailoni ya mkate mikononi, akampa jagi na kipande cha sabuni.

Nyanya alifumba macho, akamwaga. Maji yote yakampata muuguzi.

“Mama,” muuguzi akamwambia polepole, “ukifumba macho, huyu tunamzika.”

Nyanya akafumbua. Akamwosha Baba kuanzia kichwani hadi nyayo, na ndiye aliyeona mafuta ya ile dawa yamebaki nyuma ya masikio. Akasugua pale mpaka pakawa pekundu.

Hospitalini walimchoma atropini, dawa ya kuipinga ile sumu, wakamsikiliza kifua, wakamchoma tena, na tena, mpaka maji ya kifuani yakakauka. Jioni alikuwa anaokota hewani vitu visivyokuwepo na kulalamika kinywa kimekauka. Daktari akasema afadhali kikauke. Akasema pia kwamba kama angeletwa na lile shati, sindano zingekuwa zinafukuzana na sumu inayozidi kuingia.

Akili ilipomrudia, Baba hakuuliza habari za sumu.

“Nyanyako alikuwepo?”

“Alikuwepo.”

“Aliniona?”

“Alifumba macho mpaka mwisho, Baba. Maji yote alimmwagia muuguzi.”

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akalala. Sijawahi kujuta kwa uongo huo.

Nyanya alirudi Kakamega kabla Baba hajatoka hospitalini. Kila aliponipigia simu, baada ya salamu na mvua na ng'ombe, alishusha sauti akaniuliza, “Na nyuma ya masikio, palipona?” Nikamwambia palipona. Wiki nyingine akauliza tena.

Mwaka jana tulimzika. Baba alisimama mbele ya waombolezaji akasimulia jinsi mama mkwe wake alivyomwosha macho yamefumbwa, kwa heshima ambayo siku hizi haipo. Watu walicheka, wengine wakafuta machozi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikiyatazama masikio yake, na nililia kama mtoto mdogo.