Boneti la Bwana Mizani

Mume wangu ni karani wa mizani ya malori, na mtaa mzima unamwita Bwana Mizani. Lori likija na mzigo, analipima. Likishashusha, analipima tena. Anatoa tofauti, anagonga muhuri, na dereva akibisha anamwambia, "Bwana, mimi sibishani na mtu. Chuma ndicho kinachosema." Kazi hiyo ameifanya tangu mimi nikiwa na kiuno. Na mtu akipima vitu maisha yake yote, mwisho hawezi hata kununua vitunguu bila kwenda vibanda viwili na kurudi, huku akipima fungu kwa kiganja, mpaka wauza vitunguu wamalize kumcheka waanze kumwonea huruma.

Mtu huyu ana gari moja. Ni la zamani, buluu iliyokolea, na linang'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani. Jumamosi wenzake wanakwenda kutazama mpira, yeye anakwenda uani. Analiosha, analikausha kwa kitambaa laini kuliko taulo langu, kisha analipaka polishi na kulisugua kwa mkono, duara ndogo ndogo, huku akihema kama anayekanda unga wa harusi nzima. Mawingu yakitanda, gari linaingia bandani na sisi tunakwenda kwa miguu. Kwenye matope haliendi. Wenye gari ni sisi, lakini wanaonyeshewa ni sisi pia.

Nisingesema neno. Kila mtu ana ulevi wake, na huu angalau haunuki. Lakini mwaka huo binti yetu alikuja kujifungulia kwetu, mumewe akiwa mbali machimboni, na hospitali yenye chumba cha upasuaji iko ng'ambo ya kilima. Mimba yake ya kwanza ilitupotea kando ya barabara, tukisubiri gari la kukodi ambalo dereva wake alikuwa akisema kwenye simu, "Niko hapo kwenye kona, mama." Mpaka leo mtu akinitajia kona, naanza kutafuta viatu. Kwa hiyo nilimkalisha mume wangu mbele ya binti yake, nikamwambia: gari lako ndilo litakalompeleka, iwe mvua, iwe vumbi, iwe matope.

"Mama watoto," akasema, "gari lipo, mafuta yamo. Hofu ya nini?"

Hofu ya nini! Kana kwamba mimi huiendea sokoni. Hofu inaniota yenyewe kama kucha.

Shida ilianzia begani. Bega lake la kulia lilichoka kusugua, likawa linalia kila akiinua mkono, naye akaamua kununua mashine ya kupolishi. Kuamua kununua kulikuwa kazi ya dakika. Kuamua anunue ipi, hapo ndipo nyumba yetu ilipogeuka bunge.

Nimeyasikia maneno hayo mezani, bafuni na kitandani, kwa hiyo nayajua kama sala. Mashine ni za aina mbili. Ya kwanza, sponji yake inazunguka moja kwa moja, kama pangaboi. Ina nguvu, inaondoa mikwaruzo upesi, lakini ukiituliza mahali pamoja inachoma rangi. Ya pili inazunguka huku ikiyumba, kama mlevi anayejitahidi kwenda nyumbani. Haina haraka, lakini hata ukisinzia nayo haitakuletea msiba. Ya kwanza ni ya mafundi. Ya pili ni ya watu wa Jumamosi, watu kama mume wangu, na hilo ndilo lililomuuma.

Alishauriana na watu wawili, yaani alikosea mara mbili. Mmoja alikuwa fundi rangi mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta, mtu wa maneno mengi na kope za rangi mbalimbali. Wa pili alikuwa jirani yetu, daktari wa meno, ambaye naye hupolishi gari lake siku za mapumziko, taratibu, akiwa amevaa glovu. Kila mmoja alikubali kumwazima mashine yake ajaribu. Wakaja Jumamosi moja asubuhi, kila mtu na yake kwapani, kama mahasimu wanaoleta majogoo.

"Mzee wangu," fundi rangi akaanza, "hiyo ya daktari ni ya kumsugulia bibi mgongo. Mwanaume anashika hii."

"Rangi ni kama jino," daktari akasema. "Ukishakwangua, hairudi."

"Ndiyo maana wateja wako wote wanalia, wangu wanacheka."

"Wako wanacheka mpaka wafike kwenye jua, waone alama ulizowaachia."

Mimi nilikuwa nikianika nguo, jicho moja kwao, la pili kwa binti yangu. Hilo la pili lilikuwa na kazi zaidi. Asubuhi hiyo hakumaliza chai. Alikuwa ametoa vyombo vyote kabatini anavifuta tena, na mkono ulikuwa haubanduki kiunoni. Mimi sikusoma sana, lakini mwanamke anayefuta vyombo safi namwelewa. Nikamwendea mume wangu, nikamvuta pembeni.

"Leo usiliguse gari."

"Kwani vipi?"

"Mtazame mwanao."

Akamtazama, kama anavyotazama lori kabla halijapanda mizani. "Nesi alisema bado wiki mbili."

"Tumbo halisomi kalenda, baba watoto."

"Ni boneti tu, mama. Magurudumu siyagusi, injini siigusi. Likihitajika linaondoka."

Ukimsikiliza, maneno yake yana akili. Ndiyo tabu yake. Hajawahi kukosea kwa ujinga, hukosea kwa hesabu.

Fundi rangi alikuwa ameleta mlango mbovu wa gari lililogongwa, akauegemeza ukutani. "Jaribia hapa," akasema. "Ukiharibu, umeharibu takataka." Daktari naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaafikiana naye. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeanzia kwenye ule mlango. Mume wangu akautazama kwa dharau.

"Huwezi kupima lori langu kwa mzigo wa mwingine," akasema. "Rangi ni nyingine, umri mwingine, jua lililolipiga ni jingine. Jibu litakuwa la uongo."

Basi akaligawa boneti lake mwenyewe katikati kwa utepe wa gundi. Kulia mashine ya fundi, kushoto ya daktari. Halafu, kwa kuwa vumbi la polishi huingia kila mahali, akaanza kuziba. Akaziba taa. Akafunika kioo cha mbele kwa magazeti. Akaziba nafasi za milango yote minne, kuanzia juu kuzunguka mpaka chini, akikandamiza utepe kwa kidole gumba kwa mapenzi ambayo mimi nimeyasahau. Alipomaliza, gari lile lilifanana na mgonjwa aliyeungua, na wala hakuna aliyekuwa ameligusa bado.

Akaanza na kushoto, na mashine inayoyumba. Ilinguruma taratibu, ikasugua, ikasugua. Fundi rangi akapiga miayo kwa sauti. "Niamshe akifika kwenye taa," akamwambia daktari. Baada ya muda mrefu mume wangu akafuta, akainama, akatazama. Palikuwa pazuri. Hata mimi niliona. Ile mikwaruzo midogo kama utando wa buibui ilikuwa imepungua, ingawa haikwisha.

"Imepungua," akasema.

"Imepungua!" fundi akarudia. "Hata mshahara hupungua. Shika kazi sasa."

Akashika ile ya pangaboi. Hapo nikamwona mume wangu akibadilika. Akatanua miguu. Akakaza shingo. Mashine ililia kama nyigu, na palipopita sponji rangi ikaitika papo hapo, nyeusi-buluu, kina kama kisima. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo karani haipati mizanini. Alipokuwa akiipandisha mashine kwenye mkunjo wa boneti, ule ukingo uliotuna, ambapo daktari alikuwa amemwonya rangi ni nyembamba, nikasikia sahani ikivunjika jikoni.

Nikakimbia. Binti yangu alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, sakafu imelowa chini yake, na yale hayakuwa maji ya vyombo.

"Mama," akasema, "chupa imepasuka."

Nikapiga ukelele. Sikumwita mtu jina, nilipiga tu, na mume wangu uani akageuza kichwa kututafuta. Kichwa kiligeuka. Mikono haikugeuka. Mashine ilibaki pale pale kwenye mkunjo, ikizunguka mahali pamoja.

Nilipomtoa binti mlangoni, harufu ya kuungua ilikuwa imejaa ua. Mume wangu alikuwa amezima mashine na anatazama boneti. Kwenye mkunjo palikuwa na doa jeupe, refu kama kidole, lenye kingo za kijivu. Ngozi ya juu inayong'aa ilikwisha, buluu ilikwisha, akawa amefika kwenye rangi ya msingi. Fundi rangi alikuwa ameanza kukunja waya wa mashine yake.

"Tunaondoka," nikasema.

Mume wangu akatutazama sisi, akatazama doa, akatutazama tena. Nawaapia, alikuwa anapima. Kisha akasema maneno ambayo ukoo wetu hautamsamehe: "Ngoja kidogo niifute hii polishi. Ikikauka itagoma kutoka."

Binti yangu alikuwa ameinama, amekunja uso. Akainua kichwa.

"Baba," akasema, "huyu hajagoma. Anatoka."

Fundi akamgeukia daktari. "Si wewe daktari? Msaidie basi!"

"Mimi ni wa meno!"

"Na huyu anayekuja hana hata moja. Hufai kitu."

Sikujua nicheke au nilie, nikashika mlango wa gari nikavuta. Haukufunguka. Utepe ulikuwa umeshika kama deni la ndugu. Nikang'ang'ana nao kwa kucha, na katika kuvuta nikaona kile nilichokuwa nikikiogopa miezi yote: barabara ile, gari lile la kukodi, kona. Tulikuwa na gari letu wenyewe, mlangoni kwetu, mafuta yamo, na bado tulikuwa tunasubiri.

Hapo mume wangu akanisogeza kando. Akaushika utepe pembeni akaung'oa mzima mzima, juu mpaka chini, na pamoja nao ukatoka ukanda wa rangi ya mlango ambayo amekuwa akiilea kama yai. Hakuutazama. Akang'oa wa mlango wa pili. Akararua magazeti upande wa dereva, tundu la kutosha uso, akamwingiza mwanawe nyuma na mimi baada yake, akawasha.

Mtu ambaye maisha yake yote amezunguka vidimbwi, siku hiyo alivipita katikati. Barabara ya kilima ilikuwa na tope la mvua ya jana, likaturukia mpaka juu ya paa. Vipande vya utepe vilipepea madirishani kama tunakwenda kwenye sherehe. Binti yangu aliniuma mkono, nami nikamwachia aume. "Pumua, mama, pumua," nikamwambia, na mbele nikamsikia baba yake naye anapumua, kwa sauti, kwa kufuata maelekezo.

Getini mlinzi akatazama gazeti, utepe, tope, doa.

"Poleni sana. Ajali imetokea wapi?"

"Fungua geti," mume wangu akasema, "au itatokea hapa."

Nesi aliyetupokea alisema tumewahi, lakini hatukuwa na dakika za kuchezea, maana mtoto alikuwa anakuja na kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Sisi tukakaa kwenye benchi. Mume wangu alikuwa na polishi kwenye nyusi. Nilingoja ataje gari. Nilikuwa nimemwandalia jibu kali, limekaa ulimini limenolewa. Hakulitaja. Jibu langu likaharibika bure.

Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa mzima. Alitoka na hasira, nesi alisema, na hilo ni jambo jema.

Tuliporuhusiwa kumwona binti, amelala mchovu na mwanawe kifuani, baba yake alisimama mbali kidogo na kitanda, amenawa mpaka viwiko, hajui aweke wapi mikono. Simu yake ikalia. Alikuwa fundi rangi, na sauti yake haihitaji spika.

"Mzee wangu, habari za huko?"

"Wazima wote wawili. Wa kike."

"Alhamdulillahi! Hongera, babu! Sasa sikia, nimeliwaza lile doa. Nakupulizia boneti zima, hutajua kama palikuwa na kitu. Na mashine yangu nimekupunguzia bei, ichukue kabisa. Ulivyoishika leo, wewe ni fundi. Kweli si kweli?"

Mume wangu akanyoosha mgongo. Nilimwona. Neno lile "fundi" lilimpanda kutoka miguuni. Akakohoa, akafungua mdomo kujibu, na sekunde hiyo hiyo mjukuu wetu, aliyekuwa amelala kimya kama picha, akapiga ukelele mmoja mkali bila taarifa. Babu yake akaruka. Simu ikamtoka mkononi, ikagonga sakafu, ikateleza mpaka chini ya kitanda.

Akapiga magoti akaifuata. Kutoka kule chini nikasikia fundi akiuliza, "Mzee? Mzee? Umeamua ipi?"

"Ile ya daktari," akasema. "Inayoyumba."